Metali ya Afrika kwa msikilizaji wa Mtwara na Lindi: uanze na Nairobi, Gaborone, Lomé au Antananarivo?

Vijana wengi wa Mtwara na Lindi huufikia muziki wa metali kwa njia moja: rafiki aliyeko Dar es Salaam anatuma kipande kifupi cha video kwenye kundi la WhatsApp, gitaa linanguruma, mtu anapiga mayowe, na anayetazama anavutiwa kiasi cha kutaka zaidi. Redio hazimsaidii sana, kwa sababu zinazosikika huku kusini hupiga bongofleva, singeli, taarabu, kaswida na injili. Basi anaingia mtandaoni peke yake, anaandika maneno mawili matatu, na majina ya bendi yanamiminika mpaka anashindwa kujua aanze na lipi kabla bando halijakata.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo. Nimechukua miji minne ya Afrika ambayo kila mmoja una kazi zilizorekodiwa vizuri na zenye video za kutazama kwa simu: Nairobi nchini Kenya, Gaborone nchini Botswana, Lomé nchini Togo na Antananarivo nchini Madagaska. Afrika Kusini nimeiacha makusudi, kwa kuwa ina bendi nyingi kiasi cha kustahili makala yake yenyewe, na bendi zake zimekwisha kupata watu wengi wa kuzitangaza.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni ngoma. Mtu aliyekulia ambako sindimba inapigwa, na ambako vijana wanaotoka jandoni hupokelewa kwa ngoma na vinyago vya midimu, ana sikio lililozoea midundo inayopishana, na katika kuwasikilizisha watu muziki huu nimeona kwamba kinachomfanya msikilizaji wa huku aupende au aukimbie ni namna dramu zilivyopangwa, kuliko hata ukali wa magitaa. Kigezo cha pili ni sauti ya mwimbaji na lugha anayoitumia, kwa sababu mayowe na kuunguruma ndivyo vinavyomshtua mgeni mapema zaidi. Cha tatu ni video: inakusaidia kuuelewa muziki, au ni picha tu za kupamba? Cha nne ni kifaa na gharama, yaani bando, spika na umeme, mambo ambayo waandishi wengi wa muziki huyapita bila kuyataja ilhali kwetu ndiyo yanayoamua kama albamu itasikilizwa mpaka mwisho au itaishia wimbo wa pili.

Umaarufu sikuufanya kigezo. Bendi inayojulikana Ulaya inaweza isikufae wewe, na isiyojulikana ikakukaa moyoni kwa miaka.

Wanaolinganishwa

Upande wa Nairobi ninazungumzia kazi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni albamu ya Duma, kundi la watu wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao wote walitoka katika bendi za metali za Nairobi kabla ya kuungana. Albamu hiyo, yenye jina la kundi lenyewe, ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ya pili ni The Adept, albamu ya mwaka 2024 ambayo Khanja aliitoa peke yake kwa jina lake la jukwaani, Lord Spikeheart, kupitia lebo yake ya Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mama wa ukoo wake, mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi mashali, ambaye alizitunza nywele zake za msituni mpaka mwaka 2022 zilipokatwa, akafariki mwaka uliofuata. Ukilijua hilo kabla ya kubonyeza, mayowe ya albamu ile yanapata mahali pa kusimama.

Gaborone inawakilishwa na Skinflint, bendi ya watu watatu inayoongozwa na Giuseppe Sbrana, iliyoanza mwaka 2006 na yenye albamu kadhaa, zikiwemo Iklwa ya mwaka 2010 na Nyemba ya mwaka 2014. Pembeni yake nitawataja Overthrust, bendi ya def metali (aina nzito zaidi ya metali, yenye kuunguruma) ya nchi hiyo hiyo iliyoundwa mwaka 2008 na iliyowahi kupanda jukwaa la tamasha la Wacken nchini Ujerumani mwaka 2016.

Kutoka Lomé ni Arka'n Asrafokor, bendi ya mwimbaji na mpiga gitaa Rock Ahavi. Albamu yao Za Keli ilitoka mwaka 2019, na Dzikkuh ikafuata mwaka 2024. Kutoka Antananarivo ni LohArano, watu watatu ambao mwimbaji wao, Mahalia Ravoajanahary, ndiye pia anayepiga gitaa.

Ngoma

Hapa ndipo tofauti zinapoonekana wazi, na hapa ndipo Lomé inapomkaribia sana mtu wa kusini. Arka'n Asrafokor hawakuweka ngoma za asili kama kionjo cha mwanzo wa wimbo kisha wakazisahau, kama zinavyofanya bendi nyingi zinazotaka kuonekana za Kiafrika. Ngoma za Waewe, kabila la Togo, na kengele ya chuma zinaendelea ndani ya wimbo, zikienda sambamba na dramu za kisasa, na mara nyingi gitaa ndilo linalofuata mdundo huo. Katika muziki wa Waewe kengele ndiyo inayoshika mwendo, na wapigaji wengine wote hujipima kwayo. Mjomba wangu, ambaye amepiga ngoma za jando katika vijiji vya Newala tangu ujana wake na mpaka leo hupasha ngozi motoni kabla ya kuanza, nilimwekea nyimbo za Dzikkuh kwenye sabufa bila kumweleza zimetoka wapi. Alifumba macho, na baada ya muda akaanza kugonga paja kwa vidole viwili, akifuata kengele na kuziacha dramu kubwa zipite. Akasema, “Huyu wa chuma ndiye mwenye nyumba, hao wengine ni wageni wake.” Nilipomuuliza, “Na hayo magitaa, mjomba?” alijibu kwamba yanamuumiza masikio, lakini wapigaji hawajapotezana.

Nairobi ni kinyume kabisa. Katika Duma midundo imetengenezwa kwa kompyuta, nayo inakimbia kwa kasi ambayo mkono wa mpiga dramu hauwezi kuidumisha kwa muda mrefu, ikakatika ghafla, ikarudi ikiwa imevunjwavunjwa. Msomaji asiogope kasi hiyo, kwa kuwa sikio la Mtanzania limekwisha kuandaliwa na singeli, ambayo hupita midundo 200 kwa dakika na mara nyingine hukaribia 300. Wala si bahati tu kwamba zinafanana: Nyege Nyege Tapes iliyoitoa Duma ndiyo iliyotoa, mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Kijana anayecheza singeli mpaka alfajiri kwenye vigodoro ataielewa Duma upesi kuliko shabiki wa roki wa miaka mingi. The Adept ina upana zaidi, kwa kuwa kuna nyimbo zinazokwenda taratibu na nzito, nyingine zinaegemea hip hop, na waliotengeneza midundo ni wengi, hivyo albamu haina mwendo mmoja.

Skinflint wanapiga metali ya zamani, ile iliyozaliwa Uingereza kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 na kukua katika miaka ya 1970 na 1980: dramu zinakwenda mwendo ulionyooka, besi inatembea kwa kusikika, gitaa linarudia kifungu kimoja mpaka kikukae. Mtu asiyejua chochote kuhusu metali anaweza kuufuata wimbo wao tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea. Overthrust ni wazito na wenye giza zaidi, na ngoma ya mguu inapigwa kwa pedali mbili, miguu yote miwili ikipokezana, ndiyo maana inasikika kama haipumui.

LohArano wanachota katika tsapiky, muziki wa gitaa wenye kasi wa kusini-magharibi mwa Madagaska, na salegy ya kaskazini, ambayo mwendo wake unahesabika kwa sita. Msikilizaji aliyezoea kucheza kwa kiuno ataugundua mwendo huo hata ukiwa umefunikwa na gitaa zito. Wanajua pia kunyamaza katikati ya wimbo kisha wakarudi kwa nguvu, jambo linalofanya nyimbo zao zisichoshe.

Sauti na lugha

Kwa mgeni, sauti ngumu kuliko zote ni ya Lord Spikeheart. Anapiga mayowe ya juu, anashuka hadi kuunguruma, anarudi kwenye kurapu, na maneno mara nyingi hayashikiki hata pale ambapo jina la wimbo, kama lile la “Djangili”, utalitambua papo hapo. Naiona kuwa sauti bora kuliko zote nne kwa ufundi, maana kupiga mayowe namna ile bila kuharibu koo kunahitaji kuitawala pumzi kutoka tumboni, na yeye anafanya hivyo kwa nyimbo nyingi mfululizo. Hata hivyo, si sauti ya kufungulia sebuleni saa mbili usiku wakati bibi amelala chumba cha pili.

Rock Ahavi anaimba kwa Kiewe, Kifaransa na Kiingereza, na anabadilisha kati ya kuunguruma na kuimba kwa sauti safi, tena sauti safi hiyo huja pamoja na kiitikio cha wenzake. Muundo wa mtu mmoja kutoa na kundi kupokea tunaufahamu tangu utotoni, kwa hiyo hata asiyejua neno moja la Kiewe anajua wakati wa kupokea umefika. Mahalia Ravoajanahary anaimba kwa Kimalagasi. Sauti yake hupanda kutoka kuimba kwa kawaida hadi kupayuka ndani ya mstari mmoja. Sbrana anaimba kwa Kiingereza kinachosikika, na mashairi yake yanahusu mizimu, vita na masimulizi ya kale ya kusini mwa Afrika. Iklwa, kwa mfano, ni jina la mkuki mfupi wa kuchomea unaohusishwa na Shaka wa Wazulu. Mwenye Kiingereza cha sekondari atafaidi mashairi ya Skinflint kuliko ya bendi nyingine yoyote katika orodha hii. Mwimbaji wa Overthrust anaunguruma tu, nayo ndiyo desturi ya def metali.

Video

Video za Arka'n Asrafokor ni za kuanza nazo kwa sababu zinakuonyesha ni nani anapiga nini. Ukisikiliza bila kuona, ni rahisi kudhani kwamba kengele na ngoma za mkono zimeongezwa studio. Ukimwona mpigaji amesimama na wenzake wenye magitaa, wote wakiwa na mavazi na mapambo ya kiasili, wimbo unaanza kueleweka kwa namna nyingine. Mtu wa Mtwara aliyezoea kuona kinyago na ngoma vikiwa kitu kimoja hatahitaji maelezo.

Kwa Nairobi, nashauri utafute rekodi za maonyesho ya jukwaani kabla ya video rasmi. Lord Spikeheart hujulikana kwa kushuka jukwaani na kuingia kati ya watu akiwa na kipaza sauti, na ukimwona akifanya hivyo unatambua kwamba mayowe yale ni mazungumzo na waliosimama mbele yake. Video zake nyingine zina mwanga unaomwekamweka kwa kasi, kwa hiyo mwenye kifafa au anayeumwa kichwa kwa mwanga azikwepe na kusikiliza sauti peke yake.

Gaborone ina hazina ya namna yake, nayo ni mashabiki. Wapenzi wa metali wa Botswana wanajulikana kwa mavazi ya ngozi nyeusi, minyororo, vyuma vilivyochongoka na kofia pana za wachunga ng'ombe, na picha zao zilizopigwa na mpiga picha Frank Marshall zimezunguka dunia. Nina shaka moja tu: watu wengi huishia kutazama mavazi na hawafiki kwenye muziki. Tazama, ufurahi, kisha ufunge picha na usikilize Nyemba kwa utulivu. LohArano ni wachangamfu mbele ya kamera, na kwa kuwa ni watatu tu, jicho halichanganyikiwi.

Bando, spika na umeme

Sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti moja kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 40 hula megabaiti 40 hivi. Kwa kiwango cha 320 hufikia karibu 100. Video hula mara kadhaa ya hapo hata ukiishusha ubora. Mwenye bando dogo atazame video moja tu ya kumwonjesha, halafu apakue sauti wakati wa bando la usiku, asikilize kesho yake bila kuutegemea mtandao, ambao katika vijiji vingine vya Tandahimba, Nachingwea na Liwale hutegemea umesimama upande gani wa nyumba.

Spika ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Waya mnene wa gitaa la kawaida hutoa sauti ya hezi 82 hivi (yaani mitetemo 82 kwa sekunde), wa gitaa la besi hezi 41, na bendi za metali mara nyingi huzilegeza nyaya ili zishuke zaidi. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti hizo za chini ipasavyo. Inachokupa ni mikwaruzo ya juu, ndipo mtu anasema metali ni kelele. Kati ya wanne hawa, Skinflint ndio wanaovumilia spika ya simu vizuri zaidi, kwa kuwa gitaa na sauti ya mwimbaji viko juu na vinasikika kila kimoja mahali pake. LohArano wanavumilia kiasi. Arka'n Asrafokor wanapoteza ngoma kubwa lakini kengele inabaki. Duma na The Adept zinaharibika kabisa, maana uzito wake wote uko chini. Hizo zinataka sabufa au, umeme ukikatika, visikilizio vya masikioni vinavyoziba vizuri.

Kuhusu malipo, Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, inaruhusu kusikiliza kabla ya kununua, na ukinunua unapakua faili lako na kulihifadhi. Duma, Lord Spikeheart na Skinflint wanapatikana huko. Malipo yanaweza kufanywa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa kwa simu. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na sehemu kubwa ya kilichobaki humfikia msanii au lebo yake, ndiyo maana nawasihi wenye uwezo, hasa msimu wa korosho fedha zinapoingia, wanunue walau albamu moja badala ya kurushiwa bure dukani. Hawa si matajiri, na studio inalipiwa.

Nani achague nini

Ukiwa mpiga ngoma, mcheza ngoma au mtu aliyelelewa karibu na ngoma, anza na Dzikkuh ya Arka'n Asrafokor, kisha urudi nyuma hadi Za Keli. Hiyo ndiyo pia ya kumsikilizisha mzee anayetaka kujua unasikiliza nini usiku kucha.

Ukiwa mtu wa singeli, au unatengeneza midundo kwa kompyuta, Duma itakupa mawazo mapya, na baada yake The Adept itakuonyesha jinsi mwimbaji mmoja anavyoweza kupita juu ya midundo ya watu mbalimbali. Sikiliza nyimbo mbili tatu kwa siku. Albamu hizi zinachosha sikio zikimezwa kwa mkupuo mmoja.

Ukiwa na simu tu, huna sabufa, na unapenda kuyafuata mashairi, chagua Skinflint. Ukivutiwa na giza lao na kutaka uzito zaidi, hamia Overthrust. Kama unataka muziki mkali ambao bado unachezeka, au wewe ni msichana unayetaka kumwona mwanamke akiongoza bendi huku ameshika gitaa mwenyewe, LohArano ndio mlango wako. Bahari iliyo mbele ya Msimbati ndiyo hiyo hiyo inayoizunguka Madagaska, na inashangaza kwamba muziki wao hausikiki zaidi huku kwetu.

Ukitaka kuonyesha video kwenye kibanda umiza baada ya mechi, mbele ya watu wasioujua muziki huu, weka Arka'n Asrafokor kwanza na LohArano baadaye, kisha Lord Spikeheart abaki mwisho kwa watakaokuwa wamesalia.

Na kama mna nia ya kuanzisha bendi yenu Mtwara mjini, Lindi au Masasi, jifunzieni kwa Skinflint hata kama mnawapenda wengine zaidi, kwa sababu gitaa moja, besi moja na seti moja ya dramu ndivyo vitu ambavyo kundi la vijana linaweza kuvikusanya au kuviazima kwa bendi ya kanisani. Chagueni wimbo mmoja wa mwendo wa wastani, muusikilize mara ya kwanza mkifuata besi peke yake, mara ya pili ngoma ya mguu, mara ya tatu gitaa, halafu kila mmoja akapige sehemu yake taratibu, kwa nusu ya mwendo, mpaka wote watatu mfike mwisho wa wimbo pamoja.